Kumpima Mwongozaji wa Ndege

Kati ya Watamu na Gede, pwani ya Kenya, zipo nyumba nyingi za mapumziko za watu binafsi zinazojinadi kwa wapenda ndege. Ndege hawana shida: mgongoni pana msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, na mbele pana hori la Mida. Shida ni kujua nyumba ipi ina mtu anayeweza kukuonyesha. Bwawa la kuogelea na shuka nyeupe havitakwambia lolote.

Anza kwa kuuliza chai ya asubuhi hutolewa saa ngapi. Ukijibiwa saa moja na nusu, shukuru uende zako. Hiyo ni hoteli iliyobahatika kuwa na miti. Ndege wa msituni huimba sana alfajiri, na joto likipanda hunyamaza. Nyumba inayoijua kazi hii huwa na chupa ya chai na mahamri mezani saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijachomoza. Ukiwa bado uwanjani, tupia jicho paani. Kunguru wakiwa wengi, taka za jikoni hazitunzwi. Kunguru huyu wa India aliletwa Unguja miaka ya 1890, akaenea pwani nzima, naye hula mayai na makinda ya wenzake. Mwenye nyumba anayemlisha bila kujua hana la kunieleza kuhusu ndege.

Sasa mwongozaji mwenyewe. Kipimo changu kikuu ni bundi wa Sokoke. Ni kiumbe mdogo, urefu wake kama sentimita 16, na wanasayansi walimtambua miaka ya 1960 tu. Nje ya msitu huu na vichaka vya jirani anajulikana chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, basi. Mchana hulala kimya katika kichaka kizito, mara nyingi wawili wawili, karibu na ardhi. Rangi yake inaweza kuwa ya kijivu, ya kahawia au nyekundu ya kutu, na kila moja inafanana na majani makavu yaliyomzunguka.

Mwongozaji hafifu atakupeleka popote penye miti, atoe simu na kucheza rekodi ya sauti ya bundi tena na tena. Bundi akisikia hudhani mgeni amevamia himaya yake. Huacha mapumziko kuja kugombana na mtu asiyekuwepo. Fundi hutazama udongo kwanza. Bundi huyu hupenda vichaka vya Cynometra vinavyoota kwenye udongo mwekundu, kwa hiyo kwenye mchanga mweupe wa miti ya mirihi fundi hatapoteza muda kumtafuta. Akifika anakuacha njiani, anainama na kuingia peke yake, anarudi na kukuita kwa mkono. Mkishamwona, picha mbili tatu, mnaondoka. Asiyejua kuondoka hajahitimu.

Kule kwenye mirihi mwongozaji ana mtihani mwingine: kwera wa Clarke, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Huzunguka juu kabisa ya miti pamoja na ndege wa aina nyingine, na kundi hupita kwa dakika chache. Hapo macho hayatoshi. Mwongozaji mzuri husikia kundi likija, akakusimamisha mahali penye uwazi kabla halijafika.

Mida ni habari ya maji. Anayekupeleka maji yakiwa yamekupwa kabisa atakuonyesha vitone vyeupe kwenye tope la mbali. Mjuzi huuliza kama ni bamvua au maji mafu, kisha hukufikisha mapema wakati maji yanajaa, yakiwasukuma ndege kuelekea kwako. Miongoni mwao wamo wala-kaa weupe kwa weusi, ambao huzaliana kwenye fukwe za Oman na Ghuba, wakitaga ndani ya mashimo wanayochimba mchangani.

Jioni omba kuona daftari lake. Wanaochangia mradi wa Kenya Bird Map huandika ndege kwa mfuatano kama walivyowaona, na orodha kamili hudai angalau saa mbili za kutafuta. Daftari la namna hiyo halipikiki kirahisi. Orodha iliyopangwa kwa mpangilio wa kitabu, kila ndege adimu akiwemo, mimi huitilia shaka. Ningependa zaidi kuona alama ya kuuliza pembeni mwa jina, maana inaonyesha mtu aliyeona nusu na kukataa kudai nzima.

Na akikwambia kwamba leo bundi hakupatikana, mlipe ujira wake wote na umpe na bakshishi. Huyo ndiye wa kurudi kwake.