Mtoto Anapoandika 10025

Mwambie mtoto wa darasa la pili aandike mia moja ishirini na tano. Kuna atakayeandika 10025, kisha akutazame bila wasiwasi. Usiseme hakusikiliza, amesikiliza mno. Kasikia mia moja, kaandika 100. Kasikia ishirini na tano, kaandika 25.

Vijiti vya kuhesabia peke yake havimtibu. Atafunga vitita vya kumi kumi, atakusanya vitita kumi kuwa mia, atakuonyesha mia moja, makumi mawili na mamoja matano bila kukosea. Akirudi kwenye daftari, 10025 ileile. Vijiti vimemwonyesha wingi. Namna ya kuuandika ni jambo jingine.

Dawa yake ni kadi za kupandanisha, ambazo Maria Montessori alizitumia pamoja na shanga zake. Maboksi ya dukani yanatosha kuzitengeneza. Kadi ya mamia iwe na upana wa tarakimu tatu, ya makumi mbili, ya mamoja moja. Mtoto analaza 100 mezani, juu yake 20, juu yake 5, kingo za kulia zikilingana. Sifuri zinafunikwa, inabaki 125. Akiinua kadi anazikuta sifuri palepale zilipokuwa. Mpe sasa mia moja na tano: kadi ya makumi haipo, na sifuri ya katikati inachungulia. Hapo ndipo anapoona kazi ya sifuri, na sijui maelezo ya ubaoni yanayoshinda hilo.

Lugha nayo ina mchango wake. Kumi na moja inajieleza, lakini ishirini na thelathini tumezipata kwa Waarabu na hazisemi ni makumi mangapi. Mganda husema amakumi abiri, Mnyarwanda makumyabiri. Mtoto wao anayasikia makumi. Wetu inafaa kwa wiki chache asome 25 kwa njia mbili: ishirini na tano, na makumi mawili na mamoja matano.

Mtego mkubwa unangoja kwenye maelfu. Elfu ishirini na tano ni 25,000 au 20,005? Mpe na kadi za maelfu aziunde zote mbili, kisha aseme ile ya kwanza kuwa ishirini na tano elfu. Katika maduka ya Tanzania hakuna anayebabaika, maana shilingi tano haizunguki tena. Kwenye daftari la hisabati bado inazunguka.