Sifa za Fundi wa Pili

Kompyuta mpakato iliyokufa yenyewe huwa na kasoro moja. Iliyokufia mikononi mwa fundi ina mbili, pengine tatu, na ile ya asili imefunikwa na zilizofuata. Ndiyo maana mafundi wengi wakiona bodi yenye alama za moto pembeni mwa chipu humrudishia mwenyewe hata kabla hawajaishika mita. Wachache huipokea. Wapo Kariakoo, kwenye vyumba vya ghorofani vyenye feni moja na harufu ya fluksi, na kazi yao naihesabu miongoni mwa ufundi wa hali ya juu kabisa tulio nao mjini.

Zamani RAM ilikuwa kijiti cha kuchomoa: kikiharibika, unaweka kingine, biashara imekwisha. MacBook Air ya kwanza, mwaka 2008, ilitoka na RAM iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na leo kompyuta nyembamba nyingi ndivyo zilivyo. Chipu moja ikifa, sharti ing'olewe kwa hewa ya moto. Chipu ya kawaida ya DDR4 ina vidonge 78 au 96 vya lehemu chini ya tumbo lake, vimeachana kwa milimita 0.8, na ikishakaa mahali pake huwezi kuviona kwa juu.

Hapo ndipo fundi wa kwanza anapoharibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2006 iliondoa risasi kwenye lehemu ya viwandani. Lehemu ya sasa huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ile ya zamani iliyeyuka kwenye 183. Mwenye haraka haipashi bodi joto kwa chini. Anaelekeza bloa juu tu, shaba iliyo ndani ya tabaka za bodi inanyonya joto lote, chipu inagoma, anaongeza moto, mwisho anaivuta kwa kibano. Pedi zinatoka nayo. Kapasita zilizo ndogo kuliko punje ya ulezi zinapeperushwa, na yeye hajui kama zilikuwepo.

Swali la kwanza la fundi wa pili ni la upole: “Dada, hii ilishafunguliwa mahali?” Analiuliza bila kukunja uso, maana mteja akihisi analaumiwa ataficha, na kinachofichwa kitamla fundi mchana mzima. Kisha anaweka bodi chini ya hadubini na kuusoma mkono wa mwenzake. Fluksi iliyogeuka nyeusi inamwonyesha moto ulikaa wapi. Kona ya chipu iliyoinuka inamwambia lehemu haikuyeyuka upande huo. Pedi mbili tupu zinazong'aa zinamjulisha kwamba kitu kilikuwepo na kimeruka. Hamsemi vibaya aliyetangulia. Ninaowaheshimu zaidi katika kazi hii wote wana tabia hiyo.

Kisha anaufuata umeme. Volti 19 za chaja zikiingia, kwanza hupatikana volti 3.3 na volti 5 za kusubiri. Hizo zikiwepo, chipu ya usimamizi inaamka na kungoja kitufe. Kikibonyezwa, laini nyingine hufuatana, ya RAM na ya prosesa zikiwemo, na zote zikitimia ndipo prosesa inaruhusiwa kuisoma BIOS. Fundi hupita njia hiyohiyo kwa ncha ya mita, hagusi cha mbele kabla cha nyuma hakijathibitika. Asiyeijua njia hupima laini ya prosesa, akaona omu chache tu, akaita shoti, akang'oa kitu kizima. Kumbe prosesa nzima nayo husoma hivyo.

Laini ya RAM ikiwa imepiga shoti kweli, huipitishia volti kama moja hivi yenye ampea za kutosha, hupaka alkoholi na kutazama inapokauka kwanza. Huenda ni kapasita iliyopasuka kwa joto, huenda ni vidonge viwili vilivyoungana chini ya chipu.

Ninachopenda zaidi kutazama huja pale umeme uko sawa na kioo bado cheusi. Anaing'oa chipu upya, safari hii bodi ikiwa imepashwa joto taratibu kwa chini, anasafisha pedi, anaweka mita kwenye dayodi na kugusa pedi moja baada ya nyingine. Laini za data za chipu moja hutoa namba zinazokaribiana. Zinakuja hivyo, zinakuja, halafu mita inaandika OL. Pedi ile haifiki kwenye prosesa. Anakwangua rangi ya kijani kwa wembe mpaka shaba ionekane, analaza uzi wa shaba ambao bila hadubini huuoni, anaufunika kwa rangi inayokauka kwa mwanga. Hapumui kwa nguvu, na wewe uliye kando hupumui.

Lipo pia fumbo lisilo na kosa la mkono. Kijiti cha RAM hubeba chipu ndogo ya kujitambulisha. RAM iliyolehemiwa mara nyingi haina. Taarifa zake zimo ndani ya BIOS, na rezista chache kwenye bodi huiambia isome zipi: za kampuni gani, za ukubwa gani. Fundi wa kwanza anaweza kulehemu kwa ustadi chipu nzima ya kampuni nyingine, na kompyuta ikagoma. Anayelitambua hilo anafungua mchoro wa bodi, anahamisha rezista, mashine inawaka.

Kioo kikiwaka hajamaliza. Anaiacha programu ya kupima RAM ifanye kazi usiku kucha, kwa sababu kidonge kilichoshika nusu hufaulu mashine ikiwa baridi na kushindwa ikipata joto. Na zipo bodi zisizopona, pedi zimeng'oka kwa wingi hadi zikaharibu tabaka la ndani. Hapo anamwambia mteja wazi, anamtolea diski yenye picha na tasnifu yake ikiwa ni ya kuchomoa, kisha anaomba hela ya uchunguzi. Watu hunung'unika kulipia jibu la “haiponi”. Mimi naona hiyo ni hela halali kuliko zote mezani pale: mchana mzima wa mita na hadubini umetumika, na mteja ameepushwa na fundi wa tatu.