Chupa Isiyonong'ona

Wasomaji wa Kiswahili wamemjua Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskoti, hasa kwa Kisiwa chenye Hazina, kilichofasiriwa zama za ukoloni. Ni wachache walioifikia hadithi yake fupi, The Bottle Imp, iliyotoka mwaka 1891. Mwaka huo huo ilichapishwa pia kwa Kisamoa, katika gazeti la wamisionari, kwa jina la O le Fagu Aitu. Nami nikiwa mtu wa kisiwani, napendezwa kwamba watu wa visiwa waliisoma kwa lugha yao bila ya kungojeshwa.

Keawe, baharia wa Hawaii, anainunua chupa mjini San Francisco kwa dola 50. Ndani mna jini atimizaye kila haja isipokuwa kurefusha umri. Masharti ni haya: atakayekufa nayo ataungua motoni milele, na haiuziki ila kwa bei iliyo chini ya ile iliyonunuliwa, tena kwa sarafu. Vinginevyo humrudia mwenyewe.

Tumezoea kumfahamu mwovu kuwa ni mwenye kunong'ona. Hupamba, huficha, huahidi asichokuwa nacho. Jini wa Stevenson hasemi hata neno moja. Wanaosema ni watu, na ajabu ni kwamba wanasema kweli. Mzee anayemuuzia Keawe anamweleza hatari yote kabla ya kupokea fedha. Basi kishawishi hapa hakitokani na uongo. Mnunuzi anajua, ila anaamini kwamba atakuja mwingine baada yake.

Uovu wenyewe umo katika hesabu ya bei. Kila inaposhuka, idadi ya watakaookoka hupungua, na kila aokokaye humwachia mwenzake njia nyembamba zaidi. Keawe anaiuza chupa akastarehe; kisha, akiwa na mchumba wake Kokua, anagundua doa la ukoma mwilini mwake. Anaitafuta tena, na safari hii bei ni senti moja. Anainunua kwa ajili ya mapenzi. Kokua naye, walipofika Tahiti ambako sarafu za Kifaransa ni ndogo kuliko senti, anamtuma mzee mmoja ainunue kwa sentimu nne, ili yeye aichukue kwa tatu na kumwokoa mumewe kwa siri. Katika mkono wa kila mmoja wao uovu umepitia mlango wa wema.

Mwisho wake unajulikana. Keawe anamtuma serahangi mmoja mzungu, mlevi, ainunue chupa kwa sentimu mbili, akikusudia kuitwaa kwa moja. Serahangi anakataa kuitoa. Anaona kwamba motoni atakwenda tu, awe nayo au asiwe nayo. Keawe anakimbilia nyumbani kwa furaha.

Hapa naomba kutofautiana na wanaoisifu hadithi hii kuwa ni ushindi wa mapenzi. Kokua alimhurumia mzee wa watu, akarudi kumtua mzigo. Nani alirudi kwa serahangi? Stevenson amemfanya mtu duni, mwenye matusi, ili tusimlilie. Nasi tunakifunga kitabu tukiwa radhi. Radhi hiyo ndiyo inayonitia shaka. Ni ile ile ya kila aliyewahi kuiuza chupa na kushukuru kwamba mnunuzi si ndugu yake.

Nilipojaribu kuifasiri, kwanza niliandika "shetani", nikafuta. Shetani tumekwisha mpa lawama zetu zote, na msomaji angemtwisha na hii. Nikaandika "jini", kwa kuwa kwetu jini huwa na masharti, na mwenye kuyakubali masharti ni mtu. Kama yuko mwenye neno lililo bora zaidi, na alilete.