Koti la Bakteria Lilivyogeuzwa Mtego

Mwaka 1982 Williams Smith na Huggins, watafiti wa magonjwa ya mifugo kule Houghton, Uingereza, walitoa matokeo ambayo hadi leo nayaona makubwa. Panya wa maabara waliodungwa E. coli hatari walipona kwa sindano moja tu ya faji, yaani virusi vinavyoua bakteria. Tena walipona vizuri kuliko wenzao waliochomwa sindano kadhaa za antibiotiki kama tetrasaiklini au ampisilini.

Siri ilikuwa kwenye uteuzi. E. coli yule huvaa koti la sukari liitwalo K1, linalomkinga asimezwe na askari wa mwili. Watafiti wakachota faji kwenye maji taka, wakachagua zinazonasa kwenye koti hilohilo. Bakteria akitaka kuzikwepa hana budi avue koti, na akishalivua, mwili unammaliza. Usugu ulitokea, ndiyo, lakini ulimponza mwenyewe. Kwangu mimi, huo ndio ustadi wa kazi nzima.

Mwaka uliofuata wakawageukia ndama, watoto wa nguruwe na wanakondoo wenye kuhara. Ndama walipewa faji mbili kwa pamoja: moja ya kumvamia bakteria mwenye koti, nyingine iliyoteuliwa makusudi iwasake waliolivua. Kikwazo kikawa tumbo. Tumbo la nne la ndama lina asidi kali, na faji haziivumilii. Dawa yake ikawa nyepesi ajabu: kalsiamu kaboneti, unga wa jamii ya chokaa, kwenye chakula. Asidi ikapoa, faji zikateremka salama hadi kwenye utumbo mdogo, zikawakuta bakteria, zikazaana humo humo. Ndiyo maana hata kiasi kidogo kilitosha. Kufikia 1987 walikuwa wameonyesha kwamba hata kunyunyizia maji yenye faji kwenye matandiko ya ndama kunawakinga.

Lakini faji haijui kuhara, inajua koti. Ndama anayeharishwa na virusi, au na E. coli wa koti jingine, haitamfaa kitu. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), Nairobi, waliosaka faji za kupambana na Salmonela wa kuku, nao walilazimika kuanza na swali lilelile: ni bakteria gani hasa?

Daktari wa mifugo, nakusihi: kabla hujavuta oksitetrasaiklini kwenye bomba la sindano, peleka kinyesi cha huyo ndama maabara.