Bei Iliyoandikwa na Daftari la Deni

Nikisema nakaa Butare, watu wengi wanafikiri ni Huye, ule mji wa chuo kikuu. Hapana. Butare yetu ni sekta ya Wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, huku milimani. Moli huku hakuna. Kuna maduka ya njiani, kuna siku ya soko, na ukitaka soko kubwa zaidi unashuka Bugarama kwenye joto na mchele, au unapanda gari mpaka Kamembe. Sasa mtu ataniuliza: wewe wa Butare una nini cha kusema juu ya majumba ya maduka? Ninalo, kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi wanayaongelea kuliko hata watu wanaoingia humo kila wiki.

Jumamosi moja kwenye kikundi chetu tuliweka mada: kwa nini watu wengine wanapenda moli na wengine wanaikimbia? Nilifikiri nusu saa itatosha, lakini tulikaa mpaka jua likaanza kushuka. Upande wa wanaopenda walisema: kuna usafi, kuna choo chenye maji, mvua haikunyeshei, taa haizimiki, na picha ya simu inatoka vizuri. Upande wa wanaokwepa walisema: vitu ni ghali, walinzi wanakutazama kama mwizi, na hakuna kupatana bei. Yote ni kweli, na yote nilikuwa nimeshayasikia. Watu wazima wanaongeza lao: anayependa moli ni kijana anayejifanya mzungu, anayeikimbia ni maskini mwenye wivu. Hayo mawili ya mwisho nayakataa. Yanamtukana mtu kabla ya kumsikiliza.

Msichana mmoja, miaka kumi na saba, alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akasema: "Miye naipenda juu kule bei haisikie kiswahili yangu." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naye siku alipoligundua jambo hilo.

Tulikuwa tumepeleka vijana wanane Kigali kwenye mkutano. Gari la kurudi likachelewa, tukabaki na masaa mawili ya kupoteza. Karibu na pale palikuwa na jumba la maduka, jina lake nitaliacha. Mlangoni walikagua mifuko, tukapita kwenye mashine, tukaingia. Vijana wa kiume walikwenda moja kwa moja kwenye ngazi za umeme, wakapanda na kushuka mpaka mlinzi akaanza kuwafuata. Mimi miguu iliniuma, nikakaa kwenye kiti. Mhudumu akaja kwa adabu, akaniuliza nitakunywa nini. Kumbe kile kiti ni cha mgahawa. Nikasimama, nikatafuta benchi ya mtu yeyote. Ghorofa zote nilizozunguka, sikuipata hata moja.

Yule msichana alikuwa ndani ya supamaketi. Nilimkuta anatembea polepole kati ya rafu, anasoma vikaratasi vya bei, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma ukuta wa matokeo ya mtihani. Alinunua sabuni ya kipande, basi. Mbele yake kwenye foleni alikuwepo bwana mmoja wa suti na tai, naye alikuwa na sabuni ile ile kati ya vitu vyake. Msichana alitazama mashine ikisoma sabuni ya yule bwana, halafu ya kwake. Bei moja. Alitoka nje anatabasamu, na sikumuuliza kwa nini.

Wasomaji wa kambini hawahitaji maelezo, lakini ninyi ndugu zetu wa mashirika pengine mnahitaji. Mkimbizi akifika sokoni, bei inamsubiri afungue mdomo. Ukiongea Kiswahili cha Kongo, au Kinyarwanda chenye lafudhi ya Uvira, nyanya zinapanda. Si kila muuzaji, na si kila siku, lakini inatosha kukufanya ujifunze hila. Kuna mama ninayemjua, kila siku ya soko anamtuma mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa huku, akaulize bei kwanza. Yeye anasimama mbali na mfuko wake kama mpita njia. Kwa mtu wa namna hiyo kikaratasi cha bei ni heshima. Hakimjui, kwa hiyo hakimdharau.

Hii ndiyo sababu nafikiri tunakosea tunapoihakiki moli kama jengo la anasa tu. Na kuna jambo lingine nililolisoma likanishangaza: mtu anayehesabiwa kuwa baba wa moli alikuwa mkimbizi. Aliitwa Victor Gruen, msanifu majengo, Myahudi wa Vienna. Mwaka 1938 Wanazi walipoichukua Austria, alikimbia akafika New York. Mwaka 1956, huko Edina katika jimbo la Minnesota, lilifunguliwa jumba alilolichora, Southdale, lenye maduka 72 yakiwa yote ndani, na katikati ukumbi mkubwa kama bustani chini ya paa, joto lile lile kiangazi na wakati wa theluji.

Gruen aliona Wamarekani wa vitongoji wanaishi ndani ya magari, hawana mahali pa kukutana. Alikuwa anaikumbuka Vienna, mji ambao watu wanatembea kwa miguu, wanaonana, wanakunywa kahawa bila haraka. Alitaka kuwapa kitu kama hicho. Katika mpango wake maduka yalikuwa sehemu moja tu. Pembeni alitaka nyumba za watu, shule, tiba na sehemu za kupumzika. Mengi ya hayo hayakujengwa kama alivyotaka. Wafanyabiashara waliiga maduka, wakayazungushia maegesho ya magari. Uzeeni alirudi Vienna, akayakataa hadharani majumba yaliyoigwa kutoka kwake.

Nikisoma habari hiyo nakumbuka kile kiti cha mgahawa. Mkimbizi alijenga mahali pa kukaa, na watu wa biashara wakaondoa mabenchi.

Wanaoikwepa moli nao wana sababu zao, na nyingine ni nzito kuliko bei. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye silaha waliingia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Wapo watu wazima ambao tangu siku ile hawaingii jengo lenye watu wengi bila kutafuta kwanza mlango wa kutokea. Katika kikundi chetu wamo vijana waliotoka Kivu ambao hawakuwahi kuisikia Westgate, lakini nao hawapendi nyumba isiyo na madirisha. Mlinzi mwenye mashine mlangoni anamtuliza mtu mmoja, na mwingine anamkumbusha kizuizi cha barabarani, pale mtu anapoulizwa karatasi zake. Huyo wa pili hata akiwa na pesa hataingia, na hana wivu wowote.

Lakini sababu kubwa ya mama zetu kuikwepa moli ni nyingine kabisa, nayo imo ndani ya kile kile kinachompendeza yule msichana. Kikaratasi cha bei hakikujui. Siku ukiwa huna kitu, kitaendelea kutokukujua.

Mimi nimekulia kambi ya Kiziba. Mwaka 2021 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilitangaza kwamba fedha za wafadhili hazitoshi, na msaada wa wakimbizi katika Rwanda utapunguzwa kwa asilimia 60. Fikiri: mtu aliyekuwa anapewa kumi anapewa nne. Nyumbani tulikuwa watu sita. Mama hakulia wala hakwenda kwenye mkutano. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda kwa bwana mwenye duka dogo, akamsalimia, akauliza habari ya mke wake aliyekuwa mgonjwa, wakaongea muda mrefu. Kisha yule bwana akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu, akaandika jina la mama, na chini yake: mchele kopo 2, mafuta nusu, chumvi. Akaongeza kiganja cha mchele juu ya kopo. Sisi wa Kongo tunakiita matabishi, kile kidogo ambacho muuzaji anakupa bila kukihesabu ili urudi tena. Ukurasa ule ulijaa kabla mambo hayajapata nafuu. Tulikula kwa daftari lile.

Hakuna mashine ya supamaketi inayoweza kufanya hivyo. Uimwambie nini? Kwamba mke wa mwenye duka amepona?

Hapa mwandishi wa mashairi angemaliza, akasifu soko na kulaani moli. Siwezi, kwa sababu nimeona pia upande wa pili wa daftari. Jirani yetu alikopa kwenye duka jingine. Huyo mwenye duka alichukua kadi yake ya msaada, ile ya kutolea pesa, akaiweka kwenye droo kama rehani. Kila pesa zilipoingia, jirani alikwenda naye pamoja, akatoa zote mbele yake, akarudi nyumbani na mabaki. Na bei za wenye deni zilikuwa juu kuliko bei za wenye pesa mkononi. Hakulalamika, maana angelalamika kwa nani, na kesho angekula wapi? Anayekujua ndiye anayeweza kukuokoa, na ndiye anayeweza kukushika shingo. Kikaratasi cha bei hakina uwezo wa lolote kati ya hayo.

Jambo moja linanichekesha. Maduka makubwa hayamkopeshi mama yangu kopo la mchele, lakini yenyewe yanaishi kwa mkopo. Nakumatt ya Kenya, yenye nembo ya tembo, ilianza Nakuru na jina lake limetoka kwenye magodoro ya Nakuru. Ilikua mpaka ikafungua Kigali. Ilikuwa inachukua bidhaa kwa wauzaji na kulipa baadaye, na baadaye ikawa haifiki. Rafu zikawa tupu, deni likapita bilioni 30 za shilingi za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Kumbe nayo ilikuwa na daftari lake. Tofauti ni kwamba lake lilikuwa linaandikwa ofisini, na wenye viwanda vidogo ndio waliobaki na kurasa zilizojaa.

Je, moli na daftari haviwezi kukaa nyumba moja? Viliwahi, na waliovikutanisha ni wakimbizi. Nchi ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, Wasomali wengi walifika Nairobi, mtaa wa Eastleigh. Palikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Wakimbizi waliopanga vyumba walilala humo usiku, na mchana wakauza nguo na bidhaa nyingine juu ya vitanda vile vile. Wanunuzi wakaongezeka mpaka vyumba vikageuzwa maduka kabisa, halafu majengo mengine yakajengwa kwa mfano huo: vibanda vidogo vidogo, ghorofa juu ya ghorofa. Ndani yake watu wanapatana bei, na mfanyabiashara anaweza kupewa mzigo leo akalipa akishauza, kwa sababu anajulikana ni mtoto wa nani. Ni moli yenye daftari ndani.

Sisemi Eastleigh ni pepo. Aprili 2014 polisi waliingia mtaa huo katika operesheni ya Usalama Watch, wakakamata maelfu ya watu, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Kujenga jumba hakukumpa mkimbizi karatasi. Lakini ukiniuliza ni moli gani naihakiki nikiwa na heshima, ni ile iliyoanzia kitandani.

Kwenu wa mashirika nina maneno machache. Mnapokuja na fomu zenu mnatuuliza: unanunua wapi, kwa bei gani? Ongezeni swali la tatu: ukikosa, nani anakukopesha, na ameshika nini chako? Mnapojenga soko la kambi, hesabuni vibanda, lakini wekeni pia ubao wa bei pale mlangoni, ili mama asimtume mtoto kupeleleza. Na wekeni mabenchi. Kijana asiye na faranga hata moja naye anatafuta mahali penye watu na kivuli, akae bila kuulizwa atakunywa nini.

Kwenu wenzangu wa kambini: msimcheke kijana anayetaka kwenda moli kutembea tu. Pengine amechoka kujulikana. Wala msimcheke bibi anayekataa kuingia. Pengine anakumbuka nani alimlisha.

Yule msichana sasa anauza parachichi kando ya barabara, siku za soko. Amekata kipande cha katoni, akaandika bei kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, akakiegesha kwenye beseni. Wateja wanakisoma, halafu wanaomba wapunguziwe, naye anakataa akionyesha katoni kwa kidole. Wiki iliyopita nilinunua mawili. Alipoinama kunitafutia chenji niliona chini ya beseni daftari dogo lenye majina matatu. Nikamuuliza hao wamelipa?

"Mmoja," akasema. "Wale wengine banatoka mbali, nabajua."

Akanichagulia la tatu, dogo, akaliweka juu ya yale mawili.