Mwendo wa Familia

Januari 2008 Haile Gebrselassie alikuja Dubai kuivunja rekodi yake mwenyewe ya marathoni, na dau la dola milioni moja lilikuwa linamsubiri. Nusu ya kwanza aliikimbia kwa saa 1:01:27, kasi ya moto. Nusu ya pili ikamdai. Alimaliza kwa saa 2:04:53, sekunde 27 nje ya rekodi. Ushindi akaupata, dau likampita. Nawakumbusha kisa hicho wanaodhani mbio ni miguu tu, na sisi Waafrika Mashariki wa hapa Dubai, ambao kazini kila mtu anatuhesabu mabingwa wa kuzaliwa, ndio wa kwanza kudhani hivyo.

Ufundi wa mbio ni kushika mwendo, na sijaona wanaoushika vizuri kama familia inayokimbia na mtoto mwenye usonji. Watazame Novemba, Barabara ya Sheikh Zayed inapofungwa magari alfajiri kwa ajili ya Dubai Run na watu zaidi ya 200,000 kuijaza. Umati ule na zile kelele humchosha hata mtu mzima. Kwa hiyo kazi yao huanza siku nyingi kabla. Fulana mpya hufuliwa mpaka ilainike, na lebo ya shingoni inakatwa. Soksi zinageuzwa nje ndani, mshono usiguse vidole. Picha za njia zinapangwa kwenye simu, stesheni kwa stesheni, mtoto ajue kinachofuata. Baba hatua mbili mbele, dada mtu ubavuni, mama nyuma akiwazuia wenye haraka wasipenye katikati.

Kijana mmoja niliyemwona alipenda metro kuliko mbio zenyewe. Kila treni ilipopita juu ya ile reli iliyo kando ya barabara alisimama, akahesabu mabehewa, yote matano, na nyumba nzima ikawa inarukaruka palepale hadi la tano lipite. Hakuna aliyemvuta mkono. Alipopunga viganja na bwana mmoja akamkodolea macho, dada yake alisema bila kusimama, "Amefurahi huyo." Maneno mawili, na yule bwana akaelewa. Mabango ya Aprili 2, siku ya usonji duniani iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar, hayafiki hapo. Kwetu, ambako bado kuna mtoto anayefungiwa chumbani na mama anayeambiwa karogwa, kutoka tu hadharani ni nusu ya kazi. Ndiyo maana nazipenda mbio za Lukiza Autism Foundation za Dar es Salaam.

Pesa za kuwachangia watoto hawa ni habari nyingine. Sisi tumezoea harambee: kundi la WhatsApp, namba ya mweka hazina, majina yanabandikwa na deni la aibu linalipika. Dubai hilo ni kosa. Tangu amri ya mwaka 2015, kuchangisha bila kibali cha Idara ya Masuala ya Kiislamu na Kazi za Hisani kunakupeleka mahakamani. Anayetaka kuchangia analipa moja kwa moja kwenye taasisi yenye ruhusa. Wengi wetu tulinung'unika. Mimi naona imesaidia: baba hakimbii tena na daftari la ahadi kichwani, anakimbia na mwanawe.

Aprili yenyewe, mwezi wa siku ile ya usonji, bahati mbaya ndipo joto linapoanza kupanda, na ikifika Juni nje hapakimbiliki. Agosti 2025 mji ulianzisha Mallathon, maduka makubwa yakafunguliwa asubuhi mapema kwa watembeao na wakimbiao. Sakafu ni baridi, korido ni ndefu, hakuna umati. Ukiwauliza akina mama watakwambia wanaipenda kuliko Novemba, ila wanaomba muziki uzimwe.