Mkono Ulio Nyuma ya Singeli

Pale Mtaa wa Msimbazi unapokutana na Uhuru, Kariakoo, Dar es Salaam, masikio huanza kazi kabla ya macho. Kila machinga ana kipaza sauti alichokirekodia bei, na kipaza hakichoki: soksi jero, soksi jero, soksi jero. Sauti imepasuka kwa sababu imesukumwa kupita uwezo wa spika, na maneno yanajirudia mpaka yanaacha kuwa maneno, yanabaki mapigo. Kipaza cha jirani nacho kina mwendo wake. Ukitulia utasikia jinsi viwili hivyo vinavyopishana, vinakutana kwa kitambo, halafu kila kimoja kinashika njia yake. Watoto wa jiji hili wamekulia ndani ya sauti hiyo, na mimi sishangai kwamba muziki wao mkali kuliko wote, singeli, ni wa kasi, wa kujirudia na wa mikwaruzo.

Kwingine vijana waliotaka ukali walishika gitaa. Waingereza wa Napalm Death walitoa albamu ya Scum mwaka 1987, na ndani yake kuna wimbo usiofika hata sekunde mbili. Jirani zetu wa Nairobi, kundi la Duma, walitoa albamu yao mwaka 2020, mayowe ya metali yaliyochanganywa na mashine. Na Dar gitaa zito lilikuwapo zamani: Sunburst walipiga roki ya Kiafrika hapa hapa, na albamu yao Ave Africa ni ya mwaka 1976. Ila gitaa, ampu na seti ya dramu ni mali ya gharama, na muda mfupi baadaye ikaja miaka ambayo hata sabuni ilipangiwa foleni. Biashara ilipofunguliwa, zama za Rais Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, kilichowafikia vijana wa uswahilini hakikuwa gitaa. Kilikuwa kinanda kidogo cha Casio.

Hapo ndipo sifa ninazotoa zinapoanza, kwa mpiga kinanda wa mchiriku, muziki uliotangulia singeli, au mnanda kama wengine wanavyouita. Kinanda chenyewe ni kidogo kiasi cha kupakatwa. Vitufe ni vyembamba, vidole vya mtu mzima vinabanana, na sauti zake zilitengenezwa zimfurahishe mtoto sebuleni. Mpigaji alikiunganisha na ampu, akafungulia, akaitoa sauti kupitia honi, zile zile za mikutano ya hadhara. Sauti iliyoingia laini ikatoka na miba. Waungwana wakasema hao hawana vyombo vya maana, ndiyo sababu wanakwaruza. Mimi nasema mkwaruzo ule ulichaguliwa. Ukifungulia kidogo, kinanda kinalia kama mdoli. Ukizidisha, noti zote zinamezwa na mngurumo. Kati ya hapo na hapo pana nafasi finyu ambamo mlio unauma na wimbo bado unasikika, na mpigaji hodari aliitafuta kwa sikio, usiku, uwanjani, watu wakimsubiri.

Jagwa Music, kundi la mchiriku, walipotoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012, kupitia kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, wasikilizaji wa Ulaya waliufananisha muziki wao na panki. Sina ugomvi na hilo, ila chini ya kinanda kulikuwa na ngoma, na ngoma zile zina kwao. Ni za pwani, za Wazaramo, za vanga na mdundiko. Katika ngoma zetu ngoma ndogo hukimbia na kubwa hutembea, na mchezaji ana hiari ya kufuata ipi.

Jambo hili ndilo linaloifungua singeli. Msikilizaji mgeni huambiwa kwamba inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, naye hushika kichwa. Kwa mapigo 240, kila sekunde moja ina mapigo manne. Hakuna kiuno kinachoweza hayo. Lakini mtazame anayecheza kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani, Manzese au Tandale: miguu inachapuka, ila kiuno kinahesabu pigo moja na kuruka moja, yaani 120, mwendo ambao hata bibi harusi anaumudu. Prodyuza amepanga saa mbili ndani ya biti moja. Asiyejua huongeza kasi tu, na wachezaji wanasimama. Anayejua huacha besi au kofi la mkono lishike ule mwendo wa polepole, ili mwili upate pa kukanyaga.

Mwanzoni malighafi yenyewe ilikuwa taarabu ya kisasa. DJ alichukua kipande cha vyombo vitupu, pale mwimbaji alipopumzika, akakirudia na kukiongezea kasi mpaka vinanda vikaimba kwa sauti ya ndege. Juu yake MC akachana. Lugha nayo ilimbeba: silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo haukwami hata mwendo ukiwa wa kukimbizana. Baadaye maprodyuza wakaanza kutengeneza kila kitu wenyewe kwenye kompyuta. Ukimwona mmoja jukwaani utadhani anaandika barua kwa hasira, kumbe kila kitufe cha laptopu amekipa kipande chake: king'ora, kofi, kelele ya umati, neno lililokatwa katikati. Anavigonga kwa vidole viwili vitatu, papo hapo, bila kupoteza pigo.

Waliokuja mbele ya kamera ni waimbaji, na wanastahili. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila waliutoa muziki huu vichochoroni ukaingia redioni. Lakini nani aliyetengeneza biti? Muulize shabiki anayekariri wimbo mzima, atakuambia jina la msanii na la mtaa wake, basi. Hili linaniuma. Tuna mafundi wa sauti ambao Ulaya inawapa majukwaa, na hapa nyumbani tunawajua kwa kelele zao tu, tena tukiziita za wahuni, na vigodoro vyao vikipigwa marufuku.

Studio ya prodyuza Sisso, Mburahati, ni mfano. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, na kwa wengi nje ya Tanzania hiyo ndiyo singeli ya kwanza kuisikia. Zikafuata, kwa lebo hiyo hiyo, Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2019, na Mr Mixondo ya DJ Travella mwaka 2022. Kwenye majalada hayo jina lililoandikwa ni la aliyekaa kwenye mashine. Na mwaka 2024 Sisso na Maiko walitoa Singeli Ya Maajabu, mmoja kwenye laptopu, mwenzake kwenye kinanda. Kisikilizeni kinanda hicho: kinakimbia, kinateleza, kinadakiwa na biti sekunde ya mwisho, na mkono unaokipiga unajua kabisa unachofanya.